Nilisamehewa, Lori Likaendelea Kushika Kutu

Maandiko ya wiki: Luka 13:6–9; Luka 19:1–10; Mathayo 5:23–24



Mwezi wa Machi nilisimama kwenye ibada ya ushuhuda nikasema lori la marehemu baba limewaka baada ya kulala miaka 12. Kanisa lilipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikarudi kuketi. Lakini nilipoketi moyo haukutulia. Nilikuwa nimetoa nusu ya ushuhuda. Nusu niliyoificha ndiyo hii ninayoandika leo, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo sidhani ni langu peke yangu: mtu akishasamehewa na Mungu, deni la yule ndugu aliyemkosea linakwenda wapi?

Neno "tungoje"

Lori ni Leyland la dizeli, injini ya silinda sita. Wazee wa Thika mnakijua kile kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho siku hizi kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Baba alipenda kusema kwamba lori lake ni mzaliwa wa Thika kama watoto wake. Alilinunua likiwa limeshatumika, akaliweka kwenye kazi ya mawe: kupakia machimboni Ndarugo, kule Juja, na kushusha kwenye ploti za Ruiru, Githurai na Kahawa. Ukiona nyumba ya mawe upande wetu, kuna uwezekano mawe yake yalipanda lori kama lile.

Mimi ndiye kifungua mimba. Nilisomeshwa na lile lori mpaka nikapata kazi ya ofisi. Ndugu yangu anayenifuata aliacha shule kidato cha pili, akawa taniboi wa baba, halafu dereva. Aliijua sauti ya ile injini kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake.

Baba alipumzika mwaka wa 2012, mwaka ule ule barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi na Rais Kibaki mwezi wa Novemba. Baada ya mazishi ndugu yangu alikuja na karatasi za mirathi. Aliomba nitie sahihi ili lori liandikwe kwa jina lake, aendelee na kazi. Nilimjibu neno moja: "Tungoje." Sikusema sitaki. Nilisema tungoje mambo ya shamba yakae sawa kwanza. Nikachukua ufunguo na logibuku, nikavifungia kwenye sanduku la chuma. Lori likaegeshwa nyuma ya nyumba ya mama, Kimbo.

Ile "tungoje" ilichukua miaka 12.

Ndugu yangu alienda kupakia mawe kwa mikono kwenye malori ya watu wengine. Baadaye alihamia Makongeni, Thika, akawa wa bodaboda. Kutoka Kimbo hadi Makongeni hata saa moja haiishi kwa matatu siku barabara ikiwa nzuri, lakini sisi tulikuwa tunaonana matangani tu. Tunasalimiana kwa mkono, kila mtu anaangalia pembeni.

Na mimi nilikuwa na utetezi mzuri sana. Sikuuza lori. Sikung'oa hata nati moja. Sikumtukana mtu. Mama aliponiuliza, nilimwambia, "Mama, mimi sijafanya kitu." Na ilikuwa kweli kabisa, jameni. Sikuwa nimefanya kitu.

Mwaka wa 2015 nikaokoka. Nililia pale mbele mpaka shati likalowa. Naamini kwa moyo wote kwamba Mungu alinisamehe siku ile, na sitaki mtu asome makala hii adhani natilia shaka damu ya Yesu. Lakini nilitoka ibadani, nikapanda matatu, nikashuka Kimbo, nikapita kando ya lile lori nikiimba wimbo wa sifa. Nilisamehewa, na lori likaendelea kushika kutu. Miaka mingine tisa.

Kuacha ni kutenda

Mwanzoni mwa mwaka huu nilimleta fundi, mzee wa jua kali wa Thika ambaye amefungua injini za malori tangu ujana wake. Majirani walikuwa wameshatoa hukumu: "Hiyo imenoki, uza chuma chakavu." Kuku walikuwa wanataga ndani ya kebini. Mzee aliweka spana kubwa kwenye nati ya mbele ya kranki, akatia bomba refu kwenye mpini wa spana, akaegemea. Haikusogea hata kidogo. Akasema, "Haijanoki hii. Imeshikana."

Nilimuuliza tofauti ni gani, naye akanipa darasa ambalo sijalisahau.

Injini ya dizeli haina plagi ya kupiga cheche. Pistoni inapanda na kukandamiza hewa mpaka inafika joto la nyuzi 500 na zaidi, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Ili hewa isitoroke, ringi za pistoni zinabana ukuta wa silinda. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa oili. Injini ikifanya kazi, ule utando unarudishwa kila mzunguko. Ikisimama, oili inateremka polepole hadi chini kwenye sampu, na ukuta unabaki uchi.

Halafu injini ikizimwa, valvu zote hazifungi. Nyingine hubaki wazi pale pale mzunguko ulipoishia. Mvua inaingia kwenye bomba la moshi, unyevu unapita kwenye valvu iliyo wazi, na kutu inaanza kazi yake usiku na mchana bila kudai mshahara. Katika silinda zetu sita, nne zilikuwa karibu safi. Mbili ndizo zilizoshika kutu. Lakini pistoni zote sita zimefungwa kwenye kranki moja, kwa hivyo mbili zikikataa, zote sita zimekataa. Nikafikiria nyumba yetu, mama akiwa katikati, nikanyamaza.

Hakuna mtu aliyepiga ile injini nyundo. Kazi ya mawe, pamoja na mzigo na vumbi na vilima vyake, ndiyo iliyokuwa inailinda. Ilikufa kwa kutofanyiwa kitu. Na aliyekuwa na ufunguo ni mimi.

Sisi tuliookoka tuna orodha ndefu ya dhambi za kutenda. Tunazijua kwa majina: ulevi, uzinzi, uongo, wizi. Za kutotenda hazina majina, kwa hivyo hazikemewi. Karatasi isiyotiwa sahihi inaitwaje? Simu isiyopigwa? Mzazi asiyetembelewa ocha? Lakini Yakobo 4:17 inatuambia wazi kwamba mtu anayejua jema la kufanya asilifanye, kwake huyo ni dhambi. Na katika Mathayo 25 yule mtumwa aliyefukia talanta alijiona hana hatia kwa sababu aliirudisha kama alivyopewa. Bwana wake hakukubaliana naye. Mimi nilikuwa hata chini ya yule mtumwa, kwa maana yeye alirudisha mali ikiwa nzima.

Mtu ataniuliza: je, kungoja si hekima? Mara ngapi Biblia inatuambia tumngoje Bwana? Ni swali zuri, na nimelibeba miezi mingi. Jibu nililipata kwenye Luka 13. Mwenye shamba alikuwa ametafuta matunda kwenye mtini miaka mitatu bila kupata, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba naye aliomba wangoje. Lakini sikiliza alivyoomba: mwaka mmoja, naye atauchimbia pembeni na kuutia mbolea. Kungoja kwake kulikuwa na tarehe, na kulikuwa na jembe na samadi. Sisi watu wa Kiambu tuliokulia kwenye kahawa tunaelewa. Mkahawa uliochoka unakatwa shina, unaachiwa machipukizi machache, na unangoja kama miaka miwili kabla ya kuvuna tena vizuri. Lakini katika miaka hiyo hulali, unapalilia. Kungoja kwangu hakukuwa na tarehe, wala jembe, wala samadi. Kulikuwa na kufuli tu. Kungoja kwa namna hiyo ni kukataa kuliko na adabu.

Ikiachia kwa nguvu, inaachia pasipofaa

Sasa niseme lile ambalo ni aibu zaidi. Mpango wangu haukuwa kuomba msamaha. Mpango wangu ulikuwa kuwasha lori Jumamosi moja, kuliosha, kulipeleka Makongeni na kumpa ndugu yangu ufunguo kama zawadi. Nilitaka afurahi kabla hajapata nafasi ya kusema. Nilitaka zawadi ikae mahali pa maneno.

Jirani mwenye lori alijitolea kutusaidia. Tufunge mnyororo, alivute Leyland likiwa ndani ya gia, halafu tuachilie klachi ghafla. Injini itazunguka ipende isipende. Mimi nilikuwa tayari kabisa. Mzee akakataa, akakaa juu ya tairi la zamani, akasema, "Kijana wangu, chuma kilichoshikana ukikivuta kwa nguvu kitaachia. Lakini kitaachia pasipofaa." Ringi zitavunjika ndani ya silinda. Fimbo ya pistoni itapinda. Utakuwa umeizungusha, na umeiua.

Badala yake alifungua nozo zote sita, akamimina kwenye kila tundu mchanganyiko wa dizeli na mafuta mepesi ya gia, akaziba kwa vitambaa safi, akaenda zake. Akarudi Jumamosi ya pili. Akajaribu bomba: wapi! Akaongeza mafuta. Nilimuuliza kwa haraka, "Mzee, kwani leo tunafanya nini?" Akasema, "Leo tunangoja." Kumbe hata yeye alikuwa na kungoja kwake, lakini kungoja kwenye mafuta ndani.

Ndipo akaniuliza swali nililokuwa nikilikimbia. "Nani aliendesha gari hii mwisho?"

Nikasema ni ndugu yangu.

"Basi mpigie. Kuna injini iliyoachwa ikiwa nzima na kuna iliyoachwa ikiwa mgonjwa. Lazima nijue hii ni gani."

Nambari yake sikuwa nayo. Nilienda kuiomba kwa mama, na mama alinipa bila kusema neno, lakini alinitazama. Nikapiga. Nikaeleza habari ya fundi, nikauliza swali kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Ndugu yangu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Iliachwa ikiwa nzima. Tulikuwa tumebadilisha oili wiki ile baba alipolazwa." Nikadhani amekata. Akaongeza, "Kebo ya kuzimia ilikuwa inashikashika. Mwambie fundi." Ndipo akakata.

Iliachwa ikiwa nzima. Nimehubiriwa mara nyingi, wapendwa, lakini sijui kama kuna mahubiri yaliyonipata kama yale maneno matatu.

Jumamosi ya tatu bomba lilisogea. Hata unene wa njiti ya kiberiti haikufika, lakini ilisogea. Nikapiga kelele, "Haleluya!" nikashika bomba nisukume zaidi. Mzee akanizuia. "Rudisha nyuma." Nikashangaa: tumehangaika wiki tatu kupata nafasi hii ndogo, halafu turudishe? Akanieleza kwamba ukisukuma mbele tu, ile kutu iliyobanduka inajikusanya mbele ya ringi na kukwama tena. Ukirudi nyuma, mafuta yanaingia pale palipobanduka, yanasafisha. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Tulishinda siku nzima kwa mtindo huo mpaka jioni kranki ikamaliza mzunguko wake wa kwanza tangu 2012.

Sisi Wapentekoste tunaipenda Ezekieli 37, ile bonde la mifupa mikavu, na tunaisoma kama muujiza wa ghafla. Isome tena polepole. Mifupa ilisogeleana kwanza. Kisha ikaja mishipa, kisha nyama, kisha ngozi ikafunika. Pumzi ilikuja mwisho kabisa. Mungu ambaye angeweza kufanya yote kwa neno moja alichagua kufuata mpangilio. Mtu akiniambia kwamba kurudishwa polepole kunatokana na imani ndogo, nitamwelekeza kwenye sura hiyo.

Kabla ya kufunga, kabla ya kuwasha

Mambo mawili zaidi ya fundi, kisha nirudi kwenye swali letu.

La kwanza. Kabla ya kurudisha nozo, alituzungushisha injini kwa mkono matundu yakiwa wazi, ili mafuta yote aliyomimina yaruke nje. Hewa inakandamizika, maji na mafuta hayakandamiziki. Ukifunga silinda ikiwa na kitu ndani halafu uwashe, pistoni inagonga kama ukuta na fimbo inapinda. Alifungua na nati ya sampu, na kilichotoka kwanza kilikuwa maji, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini kabisa. Halafu ndipo ikaja ile oili nyeusi. Nikakumbuka upatanisho wetu wa matangani: "Tuyaache hayo, sisi ni ndugu." Tulikuwa tunafunga bila kutoa. Yaliyo chini kabisa yasipotoka kwanza, kuna kitu kitapinda siku moja.

La pili. Siku ya kuwasha, Mzee alisafisha tanki, akaweka filta mpya na oili mpya, akalegeza skrubu ya kutolea hewa na kupampu kwa mkono mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Tulikuwa na betri mbili za kuazima. Kisha akasema, "Kabla ya kuwasha, tujue tutazimaje." Pampu ya dizeli iliyokaa miaka mingi inaweza kushikana ikiwa wazi, injini ikiwaka inakimbia yenyewe, kasi inapanda mpaka inajivunja. Kwa hivyo mtu lazima asimame kwenye mdomo wa hewa na ubao na gunia lililolowa, aizibe pumzi ikibidi.

Ndugu yangu alikuwa amekuja. Sikumwita, mama ndiye aliyemwambia siku. Aliegesha pikipiki getini, akasimama mbali na mikono mfukoni. Mzee alipouliza nani atashika gunia, alivua koti, akaja.

Starta ilizunguka. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika silinda mbili, nne, halafu sita. Mama alitoka jikoni mkono ukiwa mdomoni. Hapo ndipo ushuhuda wangu wa kanisani ulipoishia. Kilichofuata sikuwaambia. Injini haikutulia. Kasi ilipanda, ikapanda, kebo ya kuzimia ikavutwa bila jibu, na mimi nikakimbia. Ndugu yangu hakukimbia. Aliweka ubao na gunia kwenye mdomo wa hewa, akaegemea kwa uzito wake wote mpaka ikazimika. Mzee akafungua ubavu wa pampu, akalegeza kilichoshikana, akapaka mafuta, na baada ya kama saa moja tukawasha tena. Safari hii ilinguruma taratibu kama zamani.

Deni linakwenda wapi?

Nilimfuata ndugu yangu pale anaponawa mikono. Nikasema, "Ndugu yangu, nilikukosea. Nilikunyima kazi yako, nikajiambia sijafanya kitu." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo.

Alijipangusa mikono, kidole kwa kidole. Akasema, "Miaka 12, kaka. Piga hesabu mwenyewe." Akavaa koti, akaondoka kabla ya chai.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Si nimelipa fundi? Si nimenyenyekea? Na kwani Biblia haimwamuru naye asamehe? Nilimaliza wiki mbili na hasira hiyo, nikiiombea kana kwamba ni ya haki.

Kisha nikasoma habari za Zakayo. Zakayo alipompokea Yesu hakusema, "Asante kwa kunisamehe." Aliongea habari za pesa: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemnyang'anya, kumrudishia mara nne. Baada ya maneno hayo ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika nyumba ile. Zakayo hakununua wokovu. Yesu alishajialika nyumbani kwake kabla hajalipa hata senti. Lakini wokovu ulipoingia, kitu cha kwanza ulichogusa ni daftari lake la hesabu. Na kwenye Mathayo 5 Bwana anamwambia mtu aliye na sadaka mkononi aiache pale madhabahuni, aende kwanza kwa ndugu yake. Fikiria hilo. Mungu yuko tayari ibada yake isimame ingoje, ili mimi nipande matatu niende Makongeni. Nami nilikuwa nimempelekea ibada miaka tisa bila kusimama.

Basi hili ndilo jibu nililofikia. Nilikuwa na madeni mawili, nami nikayahesabu kama moja. Deni langu kwa Mungu, Mungu alilifuta. Deni langu kwa ndugu yangu lilikuwa mkononi mwa ndugu yangu, na kufutwa kwa lile la kwanza hakukunipa ruhusa ya kutolipa la pili. Kulinipa ujasiri wa kulikabili. Mtu anayeogopa jehanamu atakana kosa lake mpaka mwisho. Mtu aliyesamehewa hana sababu ya kukana tena. Anaweza kukubali hesabu yote, hata ikiwa ndefu.

Na kuhusu ndugu yangu kuamriwa kusamehe: ni kweli ameamriwa, kama sisi sote. Lakini Mathayo 18 haikuandikwa ili mkosaji amsomee aliyekosewa. Hayo ni mahubiri yake na Bwana wake. Kazi yangu ni mafuta na bomba. Nikimvuta kwa mnyororo wa maandiko, huenda akaachia, lakini ataachia pasipofaa.

Tulienda kwa wakili Thika. Nilitia sahihi karatasi nilizokataa mwaka wa 2012, na logibuku ikatoka sandukuni. Tulikaa na mama tukapiga ile hesabu. Siwezi kuilipa yote kwa mara moja, kwa hivyo nalipa kila mwezi, na karo ya kijana wake wa sekondari ni juu yangu. Lori limepata breki na matairi, na limerudi Ndarugo.

Na sisi wawili? Kuna mwezi hakushika simu yangu hata mara moja. Mwezi uliofuata alinipigia mwenyewe, kuuliza filta nilinunua duka gani. Juzi alimaliza habari za lori, akakaa kimya kidogo, akauliza kama watoto wangu wamefunga shule. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Sitasukuma.

Mpendwa, huenda huna lori nyuma ya nyumba. Lakini kama kuna mtu ulimwambia "tungoje" na hukutaja tarehe, usiingoje makala ya wiki ijayo.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni jema gani unalolijua ambalo umeliacha bila kulifanya, na nani anaumia kwa kuachwa huko?
2. Kungoja kwako kuna tarehe, jembe na samadi, au kuna kufuli tu?
3. Kuna deni la ndugu yako ulilodhani lilifutwa siku ulipookoka? Ungeanza kulilipa vipi wiki hii?

Ombi

Bwana, asante kwa kunisamehe bila malipo. Nipe moyo wa kulipa ninayodaiwa na watu, na uvumilivu wa kwenda kwa mwendo wa yule niliyemkosea. Mlinde yeye niliyemwacha, na umponye hata kama hanitazami. Katika jina la Yesu, amina.